Tulimwogopa Mwizi, Hatukuogopa Ukungu

Kama uko jikoni endelea na kazi yako, lakini sogeza redio karibu kidogo. Leo hatutazungumzia dawa wala sindano. Tutazungumzia historia, nayo ni historia ya gunia la mahindi.

Kwanza nikuulize swali. Nyumbani kwako, ni hatari gani unayoiogopa zaidi? Wengi wetu tutataja mwizi wa usiku, nyoka, moto, au gari linalopita kwa kasi karibu na shule ya watoto. Ni wachache watakaotaja gunia lililosimama kwenye kona ya chumba. Gunia halimtishi mtu. Mama akiliona gunia limejaa hulala usingizi, kwa sababu anajua kesho watoto watakula.

Hata hivyo, mwaka 2004 hapa Kenya watu 125 walikufa kwa sababu ya kilichokuwa ndani ya magunia kama hayo. Wengi wa waliougua walitoka katika wilaya za Makueni na Kitui, kama zilivyoitwa wakati huo, na wengine Machakos na Thika. Watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Leo tutafuata habari hiyo tangu mwanzo, kwa sababu inatufundisha jambo moja kubwa kuhusu sisi wenyewe: jinsi tunavyochagua cha kuogopa.

Mwaka wa njaa na mvua isiyo na wakati

Mwanzoni mwa mwaka 2004 sehemu nyingi za Ukambani zilikuwa na uhaba wa chakula. Mvua haikuwa imenyesha vya kutosha, na mahindi yaliyopatikana yalikuwa machache. Kisha wakati wa kuvuna, mahindi yakihitaji jua, mvua ikanyesha nje ya majira yake. Mahindi yakaingia nyumbani yakiwa na unyevu.

Sasa jiweke katika nafasi ya mama wa wakati ule. Una magunia mawili au matatu, na hujui lini utapata mengine. Majirani wana njaa, na kuna habari za watu kuibiwa mahindi shambani na hata ghalani. Ghala liko nje, hatua kadhaa kutoka mlangoni. Je, utayaacha mahindi yako huko usiku kucha? Familia nyingi ziliamua kuyaingiza ndani ya nyumba, mahali ambapo mwizi hangeweza kuyafikia bila kuwaamsha wenyewe. Wengine walivuna mapema, kabla mahindi hayajakauka vizuri, ili wasiibiwe shambani.

Uamuzi huo ulikuwa na akili ndani yake. Mwizi alikuwa hatari ya kweli, na njaa ilikuwa hatari ya kweli. Lakini ghala la kienyeji huinuliwa juu ya ardhi na kuachwa lipitishe upepo, na wazee walikuwa na sababu ya kulijenga hivyo. Ndani ya nyumba hapakuwa na upepo. Mahindi yenye unyevu, yaliyorundikwa sakafuni katika chumba chenye joto, yalianza kuota ukungu.

Ugonjwa usioeleweka

Miezi ya Aprili na Mei, hospitali za eneo hilo zilianza kupokea wagonjwa wenye macho ya manjano. Walikuwa na maumivu ya tumbo, walitapika, na hawakutaka chakula. Wengine walivimba tumbo na miguu. Hizo ni dalili za ini lililoharibika. Katika nyumba nyingine mgonjwa hakuwa mmoja. Mtoto aliugua, kisha ndugu yake, kisha mzazi.

Macho yanapogeuka manjano, wengi wetu hufikiria homa ya manjano au homa ya ini ya kuambukizwa. Ilibidi madaktari wachunguze hayo pia. Wizara ya Afya ikaita wachunguzi, wakiwemo wataalamu kutoka kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, nao wakaenda vijijini kuuliza maswali na kuchukua sampuli za chakula. Kufikia tarehe 20 Julai, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na kati yao 125 walikuwa wamefariki. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu.

Chanzo kilikuwa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo siku hizi kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu, yaani ukungu, unaoota kwenye mahindi, njugu na nafaka nyingine zisizokaushwa vizuri. Sheria ya Kenya wakati ule iliruhusu isizidi sehemu 20 katika kila sehemu bilioni moja ya mahindi. Baadaye kiwango hicho kilipunguzwa hadi 10. Ukitaka kuelewa udogo wake, chukua gunia la kilo 90. Sumukuvu inayoruhusiwa humo leo, ukiikusanya yote pamoja, haifiki hata uzito wa punje ishirini za chumvi ya mezani.

Wachunguzi walikusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masoko ya eneo hilo. Zaidi ya nusu zilizidi kiwango cha 20. Baadhi zilizidi 1,000. Kwa hiyo hata mama ambaye hakuwa na gunia nyumbani, aliyenunua gorogoro moja sokoni, hakuwa salama.

Walichogundua nyumba kwa nyumba

Wachunguzi walifanya jambo jingine la maana. Walichukua wagonjwa 40 na kuwalinganisha na watu 80 wa vijiji vilevile ambao hawakuugua. Waliuliza: mlikula nini? Mliyahifadhi wapi mahindi yenu? Yalikuwa makavu au yana unyevu?

Jibu lilijitokeza wazi. Familia zilizougua zilielekea zaidi kuwa zile zilizohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Yaani kile kitendo cha kuyalinda mahindi ndicho kilichoyatia sumu. Tulimfungia mwizi mlango, tukalala chumba kimoja na ukungu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Jambo la pili walilogundua ni kwamba waliokuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B walikuwa katika hatari zaidi ya kuugua. Ini ambalo tayari lina adui mmoja hulemewa haraka na adui wa pili. Jambo hili tutalirudia mwishoni.

Kwa nini hatukuogopa?

Hapa ndipo penye fundisho, mpenzi msikilizaji. Ni rahisi leo kusema watu wale walikosa elimu. Lakini tazama vizuri. Ukungu kwenye mahindi si kitu kigeni. Mama zetu waliuona, bibi zetu waliuona. Mara nyingi mtu alikula mahindi yenye ukungu kidogo na hakuona madhara siku ile wala wiki ile. Macho yakizoea kitu, moyo huacha kukiogopa.

Mwaka 1987 mtafiti mmoja wa Marekani, Paul Slovic, aliandika kuhusu jambo hili hili. Alieleza kwamba watu hawapimi hatari kwa kuhesabu vifo. Tunaogopa zaidi kitu kigeni, kitu cha kutisha, na kitu tusichoweza kukizuia sisi wenyewe. Kitu tulichokizoea, tunachokishika kila siku kwa mikono yetu, tunakiona ni kidogo hata kama kinaua. Ndiyo maana mtu ataogopa kupanda ndege lakini atapanda pikipiki bila kofia. Na ndiyo maana mwizi, ambaye pengine hatakuja kamwe, alitunyima usingizi, lakini gunia tulilolifungua kila siku halikutushtua.

Sumukuvu ina ujanja mwingine. Haina harufu na haina ladha. Ukungu wenyewe unaweza kuonekana, lakini sumu haionekani. Ukiosha ukungu ukatoka, au ukisaga mahindi yakawa unga mweupe, macho yatakuambia mambo ni sawa. Katika jambo hili macho hayatoshi kuwa shahidi.

Habari ilikuwapo, lakini haikufika jikoni

Je, sumu hii ilikuwa haijulikani mwaka 2004? La. Mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Waliuita ugonjwa X. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege hao walikuwa wamelishwa chakula kilichotengenezwa kwa njugu zilizotoka Brazil, na njugu hizo zilikuwa na kuvu. Hapo ndipo aflatoksini ilipotambuliwa na kupewa jina.

Mwaka 1974 magharibi mwa India, katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan, mahindi yaliyonyeshewa mvua yaliwafanya watu karibu 400 kuugua, na 106 walikufa. Mbwa waliokula chakula cha nyumba hizo pia waliugua.

Hapa kwetu, mwaka 1973 watafiti walichapisha uchunguzi kutoka Murang'a uliohusisha sumu hii katika chakula na saratani ya ini. Kisha mwaka 1981 Machakos ikapata msiba wake. Wagonjwa 20 walilazwa hospitalini wakiwa na ini lililoharibika, na 12 wakafariki. Mahindi yaliyopatikana katika nyumba mbili zilizoathirika vibaya yalikuwa na sumu ya maelfu ya sehemu kwa bilioni.

Machakos na Makueni ni jirani. Kati ya mwaka 1981 na 2004 ni miaka 23. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa mzazi mwaka ule wa pili. Habari ilikuwa imeandikwa katika majarida ya madaktari, lakini haikufika kwa mtu mwenye gunia. Hatari isiyosimuliwa nyumbani husahaulika, na ikirudi huonekana mpya.

Hofu kubwa, kisha kusahau

Baada ya vifo vya mwaka 2004 hofu ilikuwa kubwa. Serikali ilitangaza hatari hiyo, ikachukua mahindi yenye sumu na kuyaharibu, na ikagawa chakula kingine badala yake. Fikiria ugumu wa jambo hilo kwa familia yenye njaa: afisa anakuambia chakula pekee ulicho nacho ni sumu, na wewe huoni chochote isipokuwa mahindi. Ni vigumu kumlaumu mtu aliyesita.

Mwaka 2005 na mwaka 2006 ugonjwa ulirudi Ukambani na watu wakafa tena, ingawa si wengi kama mwaka 2004. Hofu ilikuwa imepungua, lakini unyevu ulikuwa bado upo.

Tumeyaona hayo hata miaka ya karibuni. Novemba 2019 shirika la kukagua ubora wa bidhaa lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu. Wiki hiyo kila mtu alizungumzia unga. Machi 2021 mahindi kutoka nchi jirani yalizuiwa kwa siku chache kwa sababu hiyohiyo, na mazungumzo yakaanza upya. Habari ya redioni hutushtua kwa sababu ni ya ghafla na inawahusu watu wengine. Gunia la nyumbani halitangazwi na mtu. Hofu ya siku tatu haikaushi mahindi. Kinachoyakausha ni jua, maturubai na kazi ya kila msimu.

Tiba za mazoea

Kuna mambo ambayo wengi wetu tumeyafanya tukidhani yanaondoa hatari. Hebu tuyapime moja baada ya jingine.

Wapo wanaosema, "Nitayaosha na kuyaanika." Kuosha huondoa vumbi la ukungu, lakini sumu iliyokwisha kuingia ndani ya punje haitoki yote.

Wapo wanaosema, "Nitayachemsha sana." Moto wa jikoni huua kuvu, lakini hauimalizi sumu. Ugali ulioiva vizuri na githeri iliyochemka saa tatu bado vinaweza kuwa nayo.

Wapo wanaosema, "Nitachanganya na mahindi mazuri." Hapo umeyaharibu na yale mazuri.

Wapo wanaosema, "Nitampa ng'ombe au kuku." Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hutoka katika maziwa, na maziwa hayo anayanywa mtoto wako. Kuku nao hudhurika.

Na wapo wanaoyatumia kutengenezea pombe. Sumu haiondoki kwa kuchachusha busaa.

Kuna desturi moja ya zamani inayosaidia kidogo. Kukoboa mahindi, kama wanavyofanya Wakamba wanapotengeneza muthokoi, hupunguza sumu, kwa kuwa sehemu yake kubwa hukaa katika ganda na kiini. Lakini kupunguza si kumaliza. Usikoboe mahindi yaliyooza ukadhani umeyaponya.

Kinachofaa kufanywa

Historia hii haituambii tuogope zaidi. Mama ana hofu za kutosha. Inatuambia tufanye mambo machache, kila msimu, hata mwaka ambao hakuna anayekufa.

Vuna mahindi yakiwa yamekomaa, na usiyarundike chini yakiwa mabichi.

Anika juu ya maturubai, mkeka au jukwaa, wala si kwenye udongo. Kuvu hukaa udongoni. Mawingu yakitanda, funika au ingiza.

Chambua. Toa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Usizitie kwenye chakula cha mtu wala cha mnyama.

Pima ukavu. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia chumvi kavu kidogo, kisha jaza mahindi hadi theluthi moja. Tikisa kwa dakika chache na uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu mwingi, rudisha juani. Wataalamu hupendekeza unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama kuna mashine ya kupimia au ya kukaushia karibu nawe, kwenye ghala la nafaka au kikundi cha wakulima, itumie.

Kama ni lazima uhifadhi ndani kwa kuogopa wezi, hifadhi mahindi makavu tu. Weka magunia juu ya mbao, si sakafuni, na yasiguse ukuta. Mahindi makavu kabisa yanaweza kutiwa katika magunia maalumu yasiyopitisha hewa. Lakini ukitia mahindi yenye unyevu katika gunia la nailoni, umeyafungia pamoja na adui.

Kwa wenye shamba, ulizeni afisa wa kilimo kuhusu Aflasafe. Hii ni dawa ya asili iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015. Hunyunyiziwa shambani kabla ya kuvuna ili kuvu isiyo na sumu ishike nafasi ya ile yenye sumu.

Mpeleke mtoto kliniki akamilishe chanjo zake. Chanjo ya penta, inayotolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, inamkinga pia dhidi ya homa ya ini aina ya B. Kama tulivyosikia, ini lenye virusi hivyo huumizwa zaidi na sumukuvu.

Na ukiona mtu nyumbani amegeuka manjano machoni, anatapika, au amevimba tumbo au miguu, usingoje. Mpeleke hospitali mara moja, na ubebe kiasi cha mahindi au unga mliokuwa mkila. Wakiugua wawili au watatu wa nyumba moja, mwambie daktari hivyo. Mwaka 2004 chakula cha nyumbani ndicho kilichowaonyesha wachunguzi njia.

Neno la mwisho

Mpenzi msikilizaji, kati ya waliopika mahindi yale mwaka 2004 walikuwamo akina mama waliokuwa wakifanya kila juhudi watoto wasilale njaa. Hakuna aliyetaka kudhuru. Walikuwa wamelinda chakula chao dhidi ya adui waliyemjua. Yule wa pili hakuna aliyekuwa amewaonyesha.

Wewe sasa umeonyeshwa. Basi usikae na habari hii peke yako. Mwambie jirani, mwambie mama mkwe, mwambie kijana anayekusaidia kuvuna. Watoto waeleze kwa nini tunaanika juu ya maturubai na kwa nini gunia haligusi ukuta, ili miaka 23 mingine isipite tukasahau tena. Jioni ya leo, kabla hujafunga mlango kwa kufuli, fungua gunia kwanza, tia mkono hadi katikati, na uhisi kama ndani kuna joto au unyevu.

Tahadhari kabla ya hatari. Hadi kipindi kijacho, nakutakia afya njema wewe na wote wa nyumbani kwako. Kwaheri.